Je, Ituri ina kitambaa kama cha Wakopti?

Swali: Katika picha za nguo za kale za Wakopti wa Misri, msomaji wa Bunia, jimboni Ituri nchini Kongo, ameona msalaba pamoja na Dionysos, mungu wa Wagiriki. Anauliza: mchanganyiko kama huo upo Ituri?

Jibu: Upo, ila hapa haukufumwa. Wafumaji wa Misri, hasa karne ya 4 hadi ya 7, walipitisha sufu ya rangi katika nyuzi za kitani. Waliishi kati ya Wagiriki, Warumi na Ukristo uliokuwa ukienea, na nguo zao zikapokea vyote.

Ituri, msituni upande wa Mambasa, Wambuti, wawindaji wa msitu huo, walitumia gome la mti kama kitambaa. Wanaume waliligonga kwa nyundo ya mbao au pembe ya ndovu mpaka lilainike na kutanuka. Wanawake walilichora kwa maji ya tunda la gadenia yaliyochanganywa na mkaa. Mistari hukatika ghafla, vitone huelemea upande mmoja. Huo ni ustadi wa hali ya juu, wala si uzembe wa mkono.

Mchanganyiko wenyewe uko katika maisha: Wambuti huzungumza lugha za majirani wakulima, na vijana wao wamepita jando la nkumbi pamoja na vijana wa Wabila, baadhi ya majirani hao.

Mchanga mkavu ulivitunza vitambaa vya Misri makaburini. Unyevu wa msitu huozesha gome, ndiyo maana vipande vingi vinavyojulikana leo ni vya karne ya 20.