Chembe Nano za Mwarobaini: Hakikisha Nani Kaua Bakteria

Vyuoni kwetu siku hizi hakukosi mwanafunzi wa uzamili anayechemsha majani ya mwarobaini au mlonge, akachanganya na asetati ya zinki, akaoka mashapo yake kwenye tanuri la nyuzijoto 400 hivi, kisha akaandika kwamba amepata chembe nano za oksidi ya zinki zinazoua bakteria. Bakteria mara nyingi hufa kweli. Lakini ni nani kawaua: chembe zenyewe, ioni za zinki zilizoyeyuka kutoka kwenye chembe, au mabaki ya majani? Mtahini makini ataanzia hapo.

Kagua unga kwanza. Oksidi ya zinki safi ni nyeupe. Ikipashwa moto sana hugeuka manjano, ikipoa hurudia weupe wake. Ikipoa na bado ina rangi ya kahawia, shuku kaboni ya majani, uirudishe tanurini. Kwenye kipimo cha eksirei, tafuta vilele vikubwa vitatu karibu na nyuzi 31.8, 34.4 na 36.3. Hesabu ya Scherrer juu ya vilele hivyo hukupa ukubwa wa fuwele tu, na chembe moja yaweza kubeba fuwele kadhaa, hivyo piga picha kwa hadubini ya elektroni kabla ya kutaja ukubwa wa chembe.

Wengi hupotelea kwenye sahani ya aga. Chembe hazipenyi aga kwa urahisi, ioni hupenya. Lile duara safi tunalolipima kwa rula na kulipiga picha kwa furaha laweza kuwa kazi ya zinki iliyoyeyuka peke yake. Afadhali uwaoteshe bakteria kwenye chakula cha majimaji. Ila usiamini macho, maana unga wenyewe hutia ukungu unaofanana na ukungu wa bakteria: chukua tone, lizimue, lipandikize kwenye aga, uhesabu makoloni kesho yake.

Kisha weka sampuli za kulinganishia. Ya kwanza ni maji ya majani yasiyotiwa zinki, yaliyokaushwa na kuokwa kwenye tanuri lile lile. Ya pili ni chumvi ya zinki yenye zinki sawasawa na unga wako: mikrogramu 100 za oksidi zina takriban 80 za zinki, kwa hiyo pima mikrogramu 353 za sulfati ya zinki ile yenye molekuli saba za maji. Chumvi ikiua sawa na unga, huna ushahidi kwamba unano umeongeza chochote. Ya tatu ni unga wako wenyewe, uliofungwa kwa karatasi ya alumini usipate mwanga, kwa kuwa oksidi hii hufyonza mwanga wa urujuanimno na kuzalisha oksijeni kali zenye kudhuru seli. Epuka pia bafa ya fosfati. Huinasa zinki na kuvuruga matokeo.

Limebaki neno “salama”, ambalo huandikwa eti kwa sababu dawa imetoka kwenye majani. Chembe ikimezwa na seli ya binadamu hufika kwenye vifuko vyenye tindikali, huko huyeyuka haraka, na zinki ikizidi seli hufa, iwe chembe ilitengenezwa kwa mwarobaini au kwa kemikali za dukani. Kama maabara yenu haina seli za kujaribia, andika wazi kwamba hukujaribu.