Bakapu Unayo, Lakini Nani Anakupa Ripoti?

Somo la leo ni la sisi tunaouza kwa simu: WhatsApp, Instagram, na wale wenye tovuti zao. Ni refu kidogo, lakini linagusa hela za wateja, kwa hiyo lisome ukiwa umetulia.

Watu wengi nikiwauliza, "Taarifa za biashara yako zina bakapu?" wananijibu, "Ndiyo, nimeshawasha." Nikiwauliza, "Ya mwisho ilifanyika lini?" wananyamaza. Hapo ndipo penye shida. Kuwasha bakapu ni kazi ya siku moja tu. Kujua kama bado inafanya kazi ni kazi ya kila wiki, na hiyo inataka mtu au programu ya kukupa ripoti.

KANZIDATA YAKO NI IPI?

Usitishwe na neno. Kanzidata ni mahali taarifa zako zilipopangwa ili uweze kuzitafuta: nani kaagiza nini, kalipa ngapi, anadaiwa ngapi, mzigo umebaki kiasi gani. Kwa mwenye tovuti ya WordPress, iko kwenye MySQL huko kwenye seva. Kwa wengi wetu ni jedwali la Google Sheets au programu ya mauzo kwenye simu. Ongeza na meseji za WhatsApp, ambazo zimeshakuwa daftari letu la oda hata kama hatukupanga iwe hivyo.

Kuna dada mmoja hapa Kibaha anauza viatu vya shule. Kuanzia Novemba anapokea vianzio: mzazi anatoa 10,000, Januari anamalizia na kuchukua kiatu. Simu yake ikakwapuliwa kituoni siku chache kabla shule hazijafunguliwa. Laini alirudishiwa, na hela zilizokuwa kwenye laini alizikuta. Ila aliporudisha meseji kwenye simu mpya, nakala aliyoipata ilikuwa ya Septemba. Bakapu ilikuwa imewashwa muda wote. Nafasi ya kuhifadhia ilijaa, bakapu ikasimama, yeye akaendelea na kazi bila kujua.

Taarifa ya miamala ilimwonyesha nani katuma shilingi ngapi. Haikumwonyesha saizi, aina ya kiatu, wala bei waliyokubaliana. Waliolipa taslimu hawakuonekana kabisa. Wazazi wakaanza kuja, kila mmoja na maelezo yake. Wengi walikuwa wakweli, wachache hapana, na yeye hakuwa na cha kuwapinga. Akatoa viatu ili kulinda jina lake, mtaji ukakatika.

Dada huyo hakukosa bakapu. Alikosa ripoti.

HATA WAKUBWA IMEWAKUTA

Usidhani ni sisi wadogo tu. Januari 31, 2017, kampuni ya GitLab, ambayo inatunza kazi za waandishi wa programu dunia nzima, ilipata msiba wa aina hii. Fundi wao alikuwa anahangaika na tatizo usiku, akafuta kanzidata kwenye seva siyo. Kwenye gigabaiti kama 300, alipositisha zilikuwa zimebaki kama 4.5.

Wakasema sawa, bakapu tunazo. Wakaenda kuziangalia, wakakuta mahali pa kuhifadhia hamna kitu. Programu ya kutoa nakala ilikuwa toleo la zamani kuliko kanzidata yenyewe, kwa hiyo kila ikianza inashindwa. Kumbe ilikuwa inajaribu kutuma barua pepe za kuwaambia kwamba imeshindwa, ila barua pepe hizo zilikuwa zinakataliwa njiani kwa sababu ya mpangilio wa usalama wa barua. Hakuna aliyezipata, na kila mtu akachukulia kimya kile kuwa ni usalama.

Kilichowaokoa ni nakala ambayo mfanyakazi wao aliitoa kwa mkono saa 6 kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Hata hivyo walipoteza taarifa za miradi kama 5,000 na akaunti kama 700 za watumiaji wapya. Heshima yao ni kwamba walieleza kila kitu hadharani, ndiyo maana leo na sisi tunajifunza.

Kwa hiyo shika hili: kimya si ripoti. Ukipanga kwamba "likiharibika nitaambiwa", siku mtoa taarifa naye akiharibika hutaambiwa. Panga kinyume chake: kila siku au kila wiki uletewe neno kwamba imekamilika, na siku neno hilo lisipokuja, hiyo ndiyo kengele yako.

SABABU ZINAZOSIMAMISHA BAKAPU KIMYAKIMYA

Hizi ndizo nazikuta sana kwenye simu za wenzangu.

1. Nafasi imejaa. Kwenye simu za Android, bakapu ya WhatsApp inakaa kwenye akaunti yako ya Google, na siku hizi inahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure. Humo humo kuna barua pepe zako na picha zako. Picha za bidhaa na video za wateja zinajaza haraka sana. Ondoa video kwenye bakapu, na futa usichohitaji.

2. Inasubiri WiFi. Nenda kwenye mpangilio wa bakapu uone kama umeruhusu kutumia bando la simu. Kama hujaruhusu, na wewe unaishi kwa bando hujawahi kuona WiFi wiki nzima, bakapu itasubiri wiki nzima. Ukiruhusu, angalia bando lako lisiishe, hasa kama hujaondoa video.

3. Akaunti siyo. Simu ilinunuliwa mkononi, au fundi aliiweka kwenye akaunti yake. Bakapu inaenda, lakini kwa mtu mwingine. Hakikisha ni akaunti yako na neno la siri unalijua.

4. Mtandao umekatika. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikazorota Tanzania na nchi za jirani. Siku kama hizo nakala ya mtandaoni haitoki, na ya zamani huwezi kuishusha. Ndiyo maana usitegemee mtandao peke yake.

MASWALI MATATU YA UKAGUZI

Kila Jumapili jioni, kabla sijafunga hesabu, naiuliza bakapu yangu maswali haya.

Ya lini? Fungua sehemu ya bakapu uisome tarehe. Usiangalie kama imewashwa, angalia tarehe. Ukikuta ina zaidi ya siku saba, kuna kitu kimesimama.

Uzito gani? Biashara ikiendelea, faili linakua polepole. Wiki iliyopita lilikuwa kilobaiti 840, leo kilobaiti 12? Hapo kuna nakala tupu au nusu. Hesabu na mistari: kama jedwali lako lina oda 312, na nakala iwe na oda 312.

Inafunguka? Hili ndilo kubwa. Faili linaweza kuwepo, lina tarehe ya leo, lina uzito, na likagoma kufunguka. Lifungue kwenye simu nyingine au kompyuta ya mtu unayemwamini, kisha ulitoe humo ukimaliza.

Kwenye swali la tatu nina kanuni yangu ndogo. Kila wiki naandika oda moja ya uongo kwenye jedwali: jina "Jaribio", tarehe ya siku hiyo, bei shilingi 1. Baada ya bakapu nafungua nakala na kumtafuta "Jaribio" wa wiki hiyo. Nikimkuta, najua nakala ni mpya na inasomeka. Nikimkosa, silali. Ila kumbuka kumfuta asije akaingia kwenye hesabu za mauzo.

Angalizo: usifute WhatsApp kwenye simu yako eti unaijaribu bakapu. Kwa WhatsApp, kagua tarehe na uzito tu. Oda zilizothibitishwa zihamishie kwenye jedwali siku hiyo hiyo, halafu lile jedwali ndilo ulifanyie jaribio la kufungua.

RIPOTI BILA KULIPIA CHOCHOTE

Mimi duka liko Kibaha, na mdogo wangu anashughulikia wateja wa Kisarawe. Tumekubaliana hivi. Kila Jumapili kabla ya saa 3 usiku namtumia faili la nakala na meseji ya mstari mmoja:

"Bakapu Jumapili. Oda 312. Kilobaiti 846. Jaribio lipo."

Yeye analishusha, analifungua, anahesabu, ananijibu "Nimefungua, 312." Ikifika saa 3 hajaona meseji, hasubiri nimkumbuke. Ananipigia: "Dada, ya leo vipi?" Basi. Huo ndio mfumo wa ripoti: muda maalumu, namba maalumu, na mtu wa kushtuka kukiwa kimya. Na kwa vile nakala iko Kisarawe, duka langu likipata janga la moto au wizi, taarifa haziondoki na duka. Tuliona Julai 10, 2021 soko la Kariakoo likiungua. Daftari na flashi vilivyolala pamoja na mzigo vinaungua pamoja na mzigo.

Huna mdogo wako wa hivyo? Tafuta muuzaji mwenzio mnayeaminiana, mkaguane kwa zamu. Yeye hahitaji kuona faili lako. Anahitaji tu kukuuliza saa 3 ikifika.

KWA WENYE TOVUTI NA PROGRAMU ZA MAUZO

Kampuni kubwa zinanunua programu maalumu za kufuatilia bakapu, kama Bocada au Veeam ONE. Zinakusanya taarifa za bakapu zote na kuonyesha ipi imepita, ipi imeshindwa. Kwa duka letu hiyo ni nyundo kubwa kwa msumari mdogo, lakini wazo ni lile lile.

Kama tovuti yako ni ya WordPress, programu jalizi ya UpdraftPlus inatoa nakala kwa ratiba, na inaweza kukutumia ripoti kwa barua pepe. Weka anwani unayoifungua kila siku, siyo ile ya fundi aliyekutengenezea tovuti, na angalia ripoti zisiangukie kwenye barua taka. Kumbuka GitLab.

Kuna huduma nyingine inaitwa Healthchecks.io, ina kiwango cha bure. Inakupa anwani ya mtandao ya kwako. Fundi wako anaiweka mwisho wa kazi ya bakapu, ili bakapu ikimaliza salama ibishe hodi kwenye anwani hiyo. Wewe unapanga, mfano, hodi ibishwe kila usiku. Ikipita bila hodi, inakutumia ujumbe kwa barua pepe au Telegram. Ni kama mdogo wangu wa Kisarawe, ila huyu hasinzii. Umeme ukikatika, seva ikifa, bando likiisha, vyote vinaleta matokeo mamoja: hodi haikusikika, na wewe unajulishwa. Ila hodi inasema kazi imeisha tu, haisemi kama faili linafunguka. Jaribio la kufungua bado ni lako.

Kama unatumia programu ya mauzo ya kulipia kwa mwezi, muulize aliyekuuzia maswali manne: taarifa zangu zinatunzwa wapi? Nazishusha vipi mwenyewe? Nakala ya mwisho ni ya lini? Ikishindwa, nani anaambiwa? Akikuzungusha kwenye la pili, anza kushusha ripoti zako za mauzo kila wiki, maana siku ukigombana naye utatoka mikono mitupu.

NAKALA NGAPI ZINATOSHA?

Kuna kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh. Nakala 3 za taarifa, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 iwe mbali na ulipo. Kwetu sisi: ya kwanza ni jedwali unalofanyia kazi, ya pili iko kwenye flashi au memori kadi, ya tatu iko kwa mtu wa mji mwingine. Haizidi bei ya flashi moja.

USISAHAU, NI TAARIFA ZA WATU

Nakala hiyo ina majina, namba za simu na mahali wateja wanapoishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Faili liwekee neno la siri, flashi isizagae kaunta, na usilitume kwenye magrupu. Neno la siri liandike mahali salama, maana nakala iliyofungwa halafu umesahau neno lake ni sawa na ambayo haipo.

KAZI YA LEO

Usianze na programu. Fungua simu sasa hivi, nenda kwenye bakapu, soma tarehe ya mwisho. Kisha chagua mtu mmoja na saa moja ya wiki, mwambie: "Nikikaa kimya saa hiyo, nipigie." Ukishafanya hivyo, mteja aliyekupa 10,000 yake ya kianzio na kuondoka bila risiti ana mahali pa kusimama, na wewe pia.

Mtumie mwenzio anayepokea vianzio. Biashara njema.