Jasusi Ndani ya Programu ya Bure



Vijana wetu hupenda kurushiana WhatsApp zisizo rasmi, kama FMWhatsApp, kwa kuwa zina rangi nyingi na mambo ambayo ile halisi haina. Hizi hazipo Play Store. Mwezi Agosti 2021 kampuni ya Kaspersky ilitangaza kuwa FMWhatsApp toleo la 16.80.0 limebeba kirusi kiitwacho Triada, kilichoingia pamoja na sehemu ya matangazo ya biashara. Kilikusanya taarifa za simu, kisha kikaleta virusi vingine, na baadhi viliweza kumuunganisha mwenye simu na huduma za kulipia bila yeye kujua. Waliwezaje? Programu iliomba kusoma meseji, naye akabonyeza "kubali". Namba za uthibitisho huja kwa meseji hizo hizo!

Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana. Aliyetega ana dhambi yake. Lakini simu yako ina namba na picha za jamaa zako, nazo ni amana kwako.

Mwenye nayo aifute, aweke ile ya Play Store, wala asimrushie mwenziwe. Nanyi watoto mnaoazima simu ya mama, msipakue kitu kabla hamjamuomba ruhusa.