Dondoo muhimu: Siku za mwanzo za uanagenzi katika kampuni kubwa ya teknolojia

Siku mbili tatu za mwanzo humezwa na laptopu mpya, nywila na maombi ya ruhusa za mifumo. Omba ruhusa zote mapema, maana nyingine husubiri idhini ya mtu aliye nchi nyingine.

Ukikwama, hangaika nusu saa, kisha uliza. Eleza unataka kufanya nini na umejaribu nini, halafu nakili ujumbe wa hitilafu neno kwa neno. "Haifanyi kazi" haimsaidii mtu. Jibu liandike daftarini usije ukarudia swali lile lile.

Kazi ya kwanza iwe ndogo mno, hata kurekebisha sentensi moja ya maelezo, ili uujue mzunguko mzima: kuandika msimbo, kuujaribu, kukaguliwa na mwenzako, kisha kuuingiza kwenye msimbo mkuu. Mwongozo wa Google kwa wahandisi, ulio wazi kwa umma, unasema mabadiliko ya mistari 100 kwa kawaida yanafaa, na 1,000 yamezidi. Unamtaka pia mkaguzi ajibu ndani ya siku moja ya kazi. Kwa hiyo akikaa kimya, mkumbushe kwa adabu. Nawaambia hasa vijana wetu waliolelewa kumsubiri mkubwa aanze kusema: hapo hamvunji heshima.

Msimbo wa kampuni usiuweke kamwe kwenye akaunti yako binafsi ya GitHub, wala usipige picha ya skrini ya kazini.

Na mwulize meneja wiki ya kwanza: mwishoni mwa uanagenzi nitapimwa kwa lipi?