Gitaa la Mwanafunzi Halijazeeka

Meza yangu ya kazi iko Kiriri, mlimani juu ya mji wa Bujumbura, dirisha likitazama Ziwa Tanganyika na milima ya Uvira ng'ambo. Magitaa ya umeme ninayoulizwa zaidi ni yale madogo ya zamani, yaliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Nayapenda sana, na maswali yenyewe ni haya.

Fundi, gitaa la mwanafunzi ni lipi hasa?

Ni gitaa kamili la umeme lililopunguzwa gharama ili mzazi aweze kumnunulia mtoto anayejifunza. Gibson walitoa Les Paul Junior mwaka 1954 na Melody Maker mwaka 1959. Fender walileta Musicmaster na Duo-Sonic mwaka 1956, kisha Mustang mwaka 1964. Walichopunguza ni mapambo na vifaa. Mbao hawakuzidharau.

Basi mbona watu wazima bado wanayatafuta?

Fungua Musicmaster utaona. Unatoa skrubu, unainua bamba la plastiki, na chini yake kuna pikapu moja, yaani sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Kisha vitufe viwili, kapasita moja na tundu la kuchomekea waya. Basi. Kijana akiniletea gitaa lililonyamaza, namwonyesha pale lehemu ilipoachia, namshikisha chuma cha kulehemu, na jioni hiyohiyo anapiga. Gitaa lenye swichi nyingi na nyaya kama mizizi ya mvumo ningelazimika kubaki nalo wiki nzima.

Mlio nao una utamu wake. Pikapu ya Les Paul Junior, ile P-90, ni nene na ina ukali kidogo ukiipandisha sauti. Mustang ina swichi ya kuteleza kwa kila pikapu, na unaweza kuigeuza moja ipingane na mwenzake. Hapo sauti inakuwa nyembamba, inapenya katikati ya besi na ngoma bila kumkanyaga mwimbaji. Kwa anayepiga mi-solo ya rumba, yaani gitaa la kati baina ya solo na ridhimu, mimi sijui swichi nzuri kuliko hiyo. Wengine waliijua Mustang mwaka 1991, walipomwona Kurt Cobain wa Nirvana akiwa nayo kwenye video.

Duo-Sonic yangu ina shingo fupi na nyuzi hazikai sawa. Ni mbovu?

Si mbovu. Urefu wa uzi kwenye gitaa lako ni sentimita 57 hivi. Kwenye Stratocaster ni karibu 65. Uzi uleule, kwa noti ileile, unavutwa kwa nguvu pungufu kwa zaidi ya moja ya tano, ndiyo maana unalegea na kupanda sauti ukiubonyeza kwa nguvu. Acha nyuzi namba 9, funga namba 11. Kisha chonga penseli, upake risasi yake kwenye vijifereji vya nyuzi kule juu ya shingo, zisinase.

Mvua zikianza, shingo hupinda. Nifanyeje?

Kwenye Fender hizi za zamani skrubu ya kunyoosha iko kwenye kitako cha shingo, imefichwa ndani ya mwili. Legeza nyuzi, fungua shingo, zungusha robo tu, urudishe. Kesho yake ndiyo utazame tena. Ikigoma usilazimishe.

Ndugu yangu ameniletea gitaa na amplifaya kutoka Marekani. Nichomeke?

Gitaa halina shida. Amplifaya usiichomeke! Ya kwao hutumia volti 120, yetu ni 220. Tafuta kwanza transfoma ya kushusha umeme.

Kwa nini unahimiza vijana wawe na gitaa lao?

Kwa sababu katika bendi nyingi za dansi za ukanda wetu vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki akihama, gitaa linabaki. Atafanyia wapi mazoezi? Franco wa Kinshasa alianza utotoni na gitaa la kopo alilojitengenezea. Mtoto mwenye gitaa lake kitandani anapiga hata umeme ukikatika.

Nimepata Musicmaster iliyopakwa rangi upya. Ninunue?

Nunua. Wakusanyaji wa vitu vya kale huikwepa, kwa hiyo bei yake hushuka, na rangi haibadilishi kazi ya vidole vyako. Omba shingo ifunguliwe: kitakoni mara nyingi utakuta tarehe iliyoandikwa au kupigwa muhuri. Halafu tazama vyuma vya shingoni chini ya zile nyuzi mbili nyembamba. Vikiwa vimelika hadi kuwa bapa, hesabu gharama ya kuvibadilisha kabla hujatoa pesa.