Njumu, Pembe na Neema: Maneno ya Wagiriki juu ya Kazi ya Mapambo

Mafundi wa pwani, kama wale wa Lamu na Pate, walipotengeneza kiti cha enzi, walichagua kwanza mti mweusi na mgumu. Kisha walichimba mifuo myembamba katika ubao, wakachonga vipande vya pembe ya ndovu vya kadiri ile ile, wakavipachika humo hata uso wote ukawa sawasawa, weupe ndani ya weusi. Kazi hiyo ya kupachika kitu cha thamani ndani ya kitu kingine huitwa njumu. Kuuchora na kuuchonga mti wenyewe huitwa nakshi.

Wagiriki wa kale nao walikuwa na maneno yao kwa kazi za namna hii. Maneno hayo yamhusu hata mkatekumeni wa Uvira, kwa sababu mbili. Kwanza, Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na Mitume walitwaa maneno ya mafundi ili kufundisha mambo ya Mungu. Pili, pembe zilizopamba nyumba za wakubwa zilitoka pia katika nchi za Ziwa Tanganyika, na njia yake ilikuwa njia ya machozi.

1. Neno lililopotea

Mwaka 1939 wachimbaji walifukua jumba la mfalme huko Pylos, katika Ugiriki, wakakuta vibao vya udongo vyenye maandishi. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Michael Ventris, alitambua ya kuwa lugha ya maandishi ya namna hiyo ni Kigiriki cha kale sana. Vibao hivyo vina umri wa miaka 3,000 na zaidi. Moto ulioteketeza jumba ndio uliovichoma vikawa vigumu kama vyungu, navyo vikadumu.

Makarani wa Pylos waliandika humo orodha ya meza, viti, na vibao vya kuwekea miguu. Kwa vyombo vingi walitaja vitu vilivyopachikwa: pembe, dhahabu, au kioo cha buluu. Neno lao kwa chombo kilichotiwa njumu lilikuwa ajameno. Jumba lilipoangamia, neno hilo nalo lilipotea, wala halionekani katika vitabu vya Wagiriki waliofuata. Lakini neno lao kwa kiti cha mkubwa, thronos, lilidumu. Ndilo neno la Agano Jipya kwa kiti cha enzi cha Mungu.

2. Elefas

Neno hili lina maana mbili: pembe, na mnyama ndovu. Lakini katika mashairi ya Homer, mtunzi wa kale, maana yake ni pembe tu. Mnyama mwenyewe hatajwi hata mara moja. Wagiriki waliijua pembe kabla ya kumjua ndovu. Bidhaa iliwafikia, bali habari za mahali ilipotoka hazikuwafikia. Mtu huweza kukalia kiti kizuri maisha yake yote asijue ni nani aliyekufa ili kiti kile kipambwe.

3. Daidalos

Neno hili lataja kitu kilichofanywa kwa ustadi mkubwa. Homer atumia neno la shina hilo anaposimulia jinsi Odysseus alivyochonga kitanda chake kwa mkono wake mwenyewe, akakipamba kwa dhahabu, fedha na pembe. Wagiriki walimwita Daidalos yule fundi mkuu wa hadithi zao, aliyekaa kisiwani Krete.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, chafundisha jambo lililo kubwa zaidi ya hadithi hiyo. Mungu alimchagua Besaleli, akamjaza roho yake, apate kufanya kazi za dhahabu, fedha, shaba, mawe ya thamani na miti kwa ajili ya Hema Takatifu. Basi ustadi wa mkono ni paji la Mungu. Mchongaji wa mitumbwi na mfinyanzi wa vyungu wasidharau kazi yao, wala wengine wasiwadharau.

4. Poikilos

Maana yake ni kitu chenye rangi nyingi au namna nyingi. Wagiriki walilitumia kwa ngozi ya chui, kwa nguo iliyotariziwa, na kwa chombo kilichopambwa. Wayahudi wa Aleksandria walipotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki, walilitumia kwa ile kanzu ambayo Yakobo alimpa mwanawe Yosefu (Mwanzo 37, 3).

Mtume Petro alitwaa neno hili hili katika barua yake ya kwanza (4, 10). Asema ya kuwa neema ya Mungu ni poikilos, yaani ya namna nyingi, na kwamba kila mtu autumie upaji alioupata kwa kuwahudumia wenzake. Mwenye kusuka mkeka hupitisha ukindu mweusi kati ya ukindu mweupe. Akiondoa mweusi, urembo wote hutoweka. Vivyo hivyo katika jamaa ya Wakristu: Mvira, Mfuliiru, Mbembe na Mrundi, mvuvi na mkulima, kila mmoja amepachikwa mahali pake, na hakuna aliye wa kutupwa.

5. Kosmos

Neno hili lina maana ya utaratibu mzuri, kisha pambo, kisha ulimwengu, kwa kuwa Wagiriki waliuona ulimwengu kuwa kitu kilichopangwa vizuri. Petro alitumia kwa maana ya pambo anapowaonya wanawake wasitegemee nywele zilizosukwa na dhahabu, bali uzuri wa moyo (1 Petro 3, 3-4). Yohane Mwinjili alitumia kwa maana ya ulimwengu, anaposema ya kuwa Mungu aliupenda hata akamtoa Mwanawe (Yohane 3, 16). Neno ni moja katika mahali pote pawili.

6. Pembe na roho za watu

Mapambo si dhambi. Lakini Maandiko huuliza yamepatikana kwa njia gani. Nabii Amosi (6, 4-6) aliwakemea wakubwa wa Samaria waliolala juu ya vitanda vya pembe wala hawakuhuzunika kwa maangamizi ya watu wao. Wachimbaji wa karne ya 20 waliufukua mji huo, wakakuta vipande vingi vya pembe vilivyochongwa ili kupachikwa katika vyombo vya nyumbani. Nabii hakutia chumvi.

Katika Agano Jipya, neno la Kigiriki la kitu kilichofanywa kwa pembe, elefantinos, limeandikwa mara moja tu, katika Ufunuo 18, 12. Hapo Yohane ataja bidhaa za mji mwovu: dhahabu, lulu, hariri, vyombo vya pembe, na nyingine nyingi. Mwisho wa orodha, katika aya ya 13, zatajwa roho za wanadamu. Pembe na watumwa walikuwa katika soko moja.

Wazee wa Ziwa Tanganyika hawakuhitaji kufafanuliwa maneno hayo. Wazungu Burton na Speke walipofika Uvira kwa mtumbwi mwezi wa Aprili 1858, walikuta wafanyabiashara wa Ujiji wakinunua huko pembe na watu. Kutoka Ujiji misafara ilipita Tabora hata pwani, na pembe zikavuka Unguja. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walianza misioni ya Kibanga, katika pwani ya magharibi ya ziwa, wakawakomboa watumwa, wengi wao watoto. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri juu ya uovu huo.

Siku hizi ndovu nao hulindwa. Mwaka 1989 mataifa mengi yalipatana kukataza biashara ya pembe kati ya nchi na nchi.

Basi mwenye kuona kitu kizuri amsifu fundi, na amshukuru Mungu aliyempa fundi ustadi. Lakini kabla ya kununua, na aulize: je, kuna mtu aliyelia kwa ajili ya kitu hiki? Anayejipamba kwa jasho la jirani asilolilipa, huyo amelala juu ya kitanda cha Samaria, hata kama kitanda chake ni cha miti na kamba tu.

Maswali

1. Njumu na nakshi zatofautianaje?
2. Kwa nini Homer ataja pembe bila kumtaja ndovu?
3. Neno poikilos lafundisha nini juu ya neema ya Mungu?
4. Ni bidhaa gani iliyotajwa mwisho katika Ufunuo 18, 13? Eleza jinsi jambo hilo lilivyoonekana katika Uvira ya zamani.