Dondoo muhimu: Kitundikio cha hereni kinachozunguka

Katika maduka ya mapambo ya shanga Mji Mkongwe, Zanzibar, meza ni ndogo na bidhaa ni nyingi. Kitundikio cha mbao cha pande nne, kinachozunguka, humwonyesha mteja kila jozi ya hereni akiwa amesimama palepale.

Fundi aanze na mbao kavu. Mninga unafaa sana kwa kuwa haupindi ovyo. Mbao laini nazo zinafaa, mradi zipigwe msasa na kupakwa vanishi pande zote, kwani unyevu wa pwani huzivimbisha.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye mhimili. Kabla ya kutoboa kitako, achore mistari miwili kutoka kona hadi kona. Inapokatana ndipo katikati. Tundu likihama hata milimita 3, kitundikio kitayumba kila kikizungushwa. Beringi iingie kwenye tundu lake kwa kubana, ikigongwa taratibu kupitia kipande cha mbao ili nyundo isiiguse. Na gundi ikae mbali: tone moja likifika kwenye gololi, limeharibu kazi ya siku nzima.

Kwa kimo cha sentimita 60, kitako cha sentimita 35 kinatosha. Ndoano ziwe za chuma cha pua, maana chuma cha kawaida huliwa upesi na chumvi ya bahari. Zitanguliwe na tundu jembamba la keekee, mbao isipasuke.

Mikufu mizito ikae chini, hereni juu, uzito ukilingana pande zote. Lakini kwanza kizungushwe kikiwa kitupu. Kikikwaruza, kifunguliwe.